Maswali ya wasomaji: Nani afundishwe huduma ya kwanza kijijini?

SWALI: Kijiji chetu kinapitiwa na barabara kuu iendayo Dodoma, na ajali si jambo geni kwetu. Serikali ya kijiji inataka kuwafundisha wanakijiji wachache watoe huduma ya kwanza kwa kujitolea. Wapo wanaotaka wachaguliwe vijana waliomaliza kidato cha nne, na wapo wanaosema tusubiri gari la wagonjwa. Tuchague akina nani, na wafundishwe nini?
Msomaji, Gairo

JIBU: Ndugu msomaji, gari la wagonjwa endeleeni kuliomba, lakini mtu aliyekatika mshipa mkubwa wa damu anaweza kufa katika dakika chache, kabla gari hilo halijawashwa. Kwa hiyo kigezo cha kwanza kisiwe cheti cha shule, bali nani yuko kando ya barabara mchana na usiku: waendesha bodaboda wa kijiweni, mama lishe na walinzi wa maduka. Mwaka 2016, katika mji wa Iganga nchini Uganda, ulio kwenye barabara kuu itokayo Kampala kuelekea mpaka wa Kenya, waendesha bodaboda zaidi ya 150 walipewa mafunzo ya namna hii, nami naona uchaguzi huo ulikuwa sahihi kabisa.

Somo la kwanza liwe usalama wa mwokoaji mwenyewe. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lililopinduka lililipuka watu wakichota petroli, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Mbele ya lori la namna hiyo, kazi ya mtu wenu ni kuwaondoa watu na kupiga 114, namba ya Zimamoto, hata kama majirani watamzomea.

Kisha tumieni muda mwingi zaidi kwenye damu. Jeraha likandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kuachia kila mara ili kuchungulia, na kitambaa kikilowa kiongezwe kingine juu yake. Wajifunze pia kutomnyanyua majeruhi mikono na miguu na kumtupa nyuma ya pikapu, kwani shingo iliyovunjika huweza kuharibiwa zaidi na huruma ya haraka. Aliyeungua apoozwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno.

Stadi za mikono husahaulika ndani ya miezi michache, hivyo tengeni siku za marudio mapema, na amueni tangu sasa nani atanunua glavu na bandeji zitakapokwisha, maana hapo ndipo mipango mingi hufia. Kwa kuwa wengi huogopa kumgusa majeruhi wasije wakahojiwa, mkuu wa kituo cha polisi ashirikishwe tangu mwanzo. Kuhusu mkufunzi, mwoneni Mganga Mkuu wa Wilaya au tawi la Chama cha Msalaba Mwekundu mkoani Morogoro.