Mada ya furaha na mada ya pombe, zisomeni pamoja

Wadogo zangu mnaoanza saikolojia mwaka huu, hizo mada mbili msizisome mbali mbali, mimi nilisoma hivyo nikafaulu mtihani vizuri tu, nilipofika fildi hapa Kigoma ndo nikajua sijaelewa.

Kuzoea raha mnakujua tayari, angalieni bumu, ile pesa ya mkopo ya chuo. La kwanza linakunyima usingizi kwa furaha, la tatu likiingia unalalamika limechelewa. Kule Marekani mwaka 1978 watafiti kina Brickman waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu, wakakuta hawana furaha kuzidi wenzao wa mitaa ile ile, na vitu vidogo kama kupiga stori na rafiki au chai ya asubuhi vinawapa raha pungufu.

Pombe nayo inazoeleka, ila huku ni ubongo wenyewe unaobadilika. Inaipa nguvu gaba, kemikali inayotuliza, inaibana glutameti inayochangamsha, dopamini inapanda ndo ile raha ya glasi ya kwanza. Mtu akinywa kila siku ubongo unajirekebisha, utulivu unaupunguza na uchangamfu unauongeza ili mambo yaende sawa, sasa pombe ikimwishia mwilini unabaki uchangamfu mtupu, hauna cha kuuzuia.

Hiyo nimeiona Kibirizi. Ilikuwa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, na baba mmoja alikuwa kashika kikombe cha chai kwa mikono miwili na bado inamwagikia magotini. Nikamwambia baba, acha pombe leo leo. Akaacha kweli. Kesho yake usiku akaanguka, akakakamaa, akajing'ata ulimi. Hospitali walimwokoa, lakini mkewe aliniuliza, "Mwanangu, si ulisema akiacha atapona?" Nilikosa la kusema, na mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo mtu asiyetulia mikono mpaka anywe msimwachishe ghafla nyumbani, anatakiwa hospitali, apewe dawa za kumtuliza huku anaangaliwa, na vitamini B1 maana wanywaji wengi wanapungukiwa na ikikosekana sana kumbukumbu inaharibika. Kifafa hicho mara nyingi kinakuja ndani ya saa 6 mpaka 48 tangu alipokunywa mara ya mwisho. Mkishasalimia, shikamoo baba, swali la kwanza liwe umekunywa lini mara ya mwisho, na akisema jana jioni na mnaona kikombe kinatetemeka, msiondoke hapo mpaka bodaboda ya kumpeleka hospitali imefika.