Maswali Yenu: Mti wa Ukoo, Saa ya Pendulamu na Shoka la Babu

SWALI: Naandika nasaba yetu. Shangazi anasema babu alikuwa na ndugu wawili, baba mdogo anasema wanne. Nimechora mpaka karatasi imejaa mishale na sasa mwenyewe sielewi nani ni nani.

JIBU: Weka mchoro pembeni, utaurudia mwishoni. Anza na namba. Wewe ni 1. Baba wa mtu yeyote hupata namba ya mtu huyo mara 2. Mama hupata hiyo hiyo na kuongeza 1. Baba yako basi ni 2, mama yako 3, babu mzaa baba 4, bibi mzaa baba 5, babu mzaa mama 6, bibi mzaa mama 7. Ukikuta 22 daftarini huhitaji mshale wowote: ni shufwa, kwa hiyo ni mwanamume, baba wa 11, 11 ni witiri, mama wa 5, na 5 unamjua. Mwanahistoria Michaël Eytzinger aliuchapisha utaratibu huu mwaka 1590 na hadi leo haujapatikana ulio rahisi zaidi. Kila namba ipe ukurasa wake. Kaka na dada hawapewi namba. Waorodheshe kwenye ukurasa wa mama yao, kuanzia kifungua mimba hadi kitinda mimba.

Sasa hao wawili au wanne. Huenda shangazi na baba mdogo wote wanasema kweli, maana neno “ndugu” lina watu wengi ndani yake: wa tumbo moja, wa baba mmoja, hata mtoto wa baba mkubwa. “Babu” naye anaweza kuwa kaka yake babu. Kwa hiyo usiandike kamwe neno la undugu peke yake. Uliza kwa kila jina: nani alimzaa, na mama yake ni nani? Mbele ya jibu andika nani kakwambia na tarehe aliyokwambia.

Umri usiuulizie mwaka. Uliza alikuwa mkubwa kuliko nani, na tukio fulani lenye tarehe inayojulikana lilipotokea, alikuwa bado anabebwa mgongoni au ameshaoa? Kisha jipime: ni nadra mama mmoja kuwa na zaidi ya miaka 30 kati ya kifungua mimba na kitinda mimba. Ukipata 40, umewachanganya mama wawili, au mtu na mpwa wake.

SWALI: Picha ya harusi ya bibi imegandana na kioo cha fremu. Niibandueje?

JIBU: Usiibandue. Uso wa picha nyingi za zamani ni jelatini. Unyevu huilainisha, na ikikauka hushika kioo kama gundi. Ukivuta, sura ya bibi itabaki kwenye kioo. Utaambiwa uloweke. Kuna picha zinazostahimili maji, lakini iliyopakwa rangi kwa mkono au iliyotolewa kwa printa ya wino haistahimili, na kuzitofautisha ni kazi ya fundi wa uhifadhi.

Wewe chukua nakala. Ondoa kadibodi ya nyuma, acha picha na kioo pamoja. Futa upande wa nje wa kioo kwa kitambaa kilichokamuliwa sana. Usipulizie kitu, maji hupenya ukingoni. Skani kwa nukta 600 kwa inchi. Ikitoka na ukungu kwa sababu ya unene wa kioo, tumia kamera: karibu na dirisha lisilopigwa na jua, bila flashi, lenzi ikielekea katikati ya picha, na shuka jeusi nyuma yako ili kioo kisikuonyeshe wewe badala ya bibi. Picha nyingine za ukutani ziwekee vipande vya kadi vya milimita 2 au 3 pembezoni, zisigusane na kioo.

SWALI: Saa ya ukutani ya pendulamu hupoteza dakika 4 kwa siku, tena husimama hata nikiwa nimeitia ufunguo.

JIBU: Shughulikia kusimama kwanza. Sikiliza. Mlio mzuri una nafasi sawa: tik, tak, tik, tak. Ukichechemea, tik-tak… tik-tak, saa haijakaa sawa. Sogeza chini ya kasha kidogo kushoto au kulia hadi mlio ulingane, kisha weka alama ya penseli ukutani. Amini sikio kuliko pima maji.

Kuchelewa hurekebishwa na nati iliyo chini ya uzito wa pendulamu: ukiupandisha uzito, saa hukimbia. Dakika 4 katika 1,440 za siku ni karibu asilimia 0.28, na urefu hubadilika mara mbili ya hapo. Pendulamu ya sentimita 25 basi inahitaji kufupishwa takriban milimita 1.4 tu. Zungusha nati mara moja, subiri saa 24, linganisha. Shika uzito kwa mkono unapozungusha, la sivyo utapinda kile kitepe chembamba cha chuma kinachoubeba. Na mafuta ya kupulizia yasikaribie hapo. Hukusanya vumbi likawa kama msasa. Mafuta ya saa, tone la ukubwa wa kichwa cha pini, huwekwa kwenye matundu ya mihimili, kamwe si kwenye meno.

SWALI: Shoka la babu huchomoka kwenye mpini. Nikililoweka usiku hushika, baada ya siku mbili hulegea tena.

JIBU: Maji ndiyo yanayolilegeza. Mbao huvimba, hubanwa na chuma hadi nyuzi zake kupondeka, na ikikauka husinyaa kuliko mwanzo. Tafuta mpini mkavu wenye nyuzi zilizonyooka. Pasua ncha kwa msumeno, theluthi mbili ya kina cha tundu la shoka. Ingiza mpini, ninginiza shoka kichwa kikiwa chini, gonga kitako cha mpini kwa nyundo ya mbao. Kichwa kitapanda chenyewe. Kisha gongomea kabari ya mbao kavu kwenye mpasuo, kata ziada, paka mafuta ya kitani. Kitambaa ulichopakia kitandaze nje kikauke: kikikunjwa, mafuta hayo hupata joto hadi kikawaka chenyewe.