Maswali ya wasomaji: mafuta ya chupa, sukari nguru na smoki za barabarani

Tangu mwezi wa pili nimeacha ugali wa jioni na sukari sigusi, lakini kilo haziondoki. Jioni nakula omena ya kukaanga, sukuma wiki na chapati moja. Mafuta yangu ni ya chupa, yameandikwa hayana kolesteroli. Nakosea wapi? (Msomaji wa Kondele, Kisumu)

Dada, tuanze na hiyo chupa. Maandishi hayo si uongo, ila hayakuambii kitu: kolesteroli hutoka kwa wanyama, kwa hiyo mafuta ya mimea yote yangeweza kujisifu hivyo. Kinachoongeza uzito ni kalori. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali ya wanga au protini ina 4. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori 120 hivi, na wengi wetu hata kijiko hatutumii, tunamimina tu.

Ukifungua lita mpya, andika tarehe kwenye chupa. Lita hiyo ina takriban kalori 8,200. Nyumba ya watu watano ikiimaliza kwa siku tatu, kila mmoja amekula kama kalori 550 kwa siku kutoka kwa mafuta peke yake. Hizo ni sawa na ugali wa gramu 150 za unga! Ugali ulioutoa kwenye sahani umeurudisha kwenye sufuria. Lenga vijiko vikubwa viwili kwa mtu kwa siku, mapishi yote yakihesabiwa. Lita ikae karibu wiki nzima.

Omena ndiyo inayokuponza zaidi. Samaki mdogo hivyo, ukimtumbukiza kwenye mafuta mengi, hushika mafuta kila upande. Zioshe kwa maji vuguvugu mara mbili au tatu mchanga uishe, zichuje, kisha zikaushe kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, ukigeuzageuza hadi zikatike kwa vidole. Ziweke kando. Kaanga kitunguu na nyanya kwa vijiko vikubwa viwili vya mafuta, rudisha omena, tia maji kidogo, funika dakika tano. Hiyo inatosha watu wanne.

Chapati usiiache, punguza tu mafuta. Unga nusu kilo, maji ya moto kiasi cha mililita 300, kanda, funika nusu saa. Kupumzika huko ndiko kunakolainisha, si mafuta. Wakati wa kuchoma, kijiko kidogo kimoja kwa kila chapati.

Nauza mandazi karibu na steji Kakamega. Mafuta nayatumia siku nne au tano, yakipungua naongeza mapya. Wateja wanalalamikia kiungulia.

Mama, kuongeza mapya juu ya yaliyochoka hakuyaokoi ya zamani. Huyaharibu mapya haraka. Joto, hewa na makombo yanayoungua ndiyo yanayovunja mafuta. Yakiwa meusi kama chai ya rangi, yakatoa povu lisilotulia, yakanata vidoleni au yakatoa moshi kabla hayajafika moto wa kukaangia, kazi yake imekwisha, yamwage kwenye shimo, si mtaroni. Kila jioni yakipoa yachuje kwa kitambaa, uyafunike, uyaweke mbali na mwanga. Baada ya kuyatumia mara tatu, usiyaonee huruma.

Halafu angalia moto. Mandazi yakiingia kwenye mafuta baridi hunywa mafuta, na mteja ndiye anayelipia kwa kiungulia. Joto zuri ni nyuzi 170 hadi 180. Kama huna kipimajoto, tupa kidonge cha unga: kikizama na kubaki chini, ngoja, kikiibuka upesi na vipovu vidogo pembeni, anza, kikiwa cheusi papo hapo, punguza moto. Na usijaze karai, maana mandazi kumi kwa mpigo huyapoza mafuta yote.

Mama mkwe ana kisukari. Majirani hapa Butere wanamwambia sukari nguru haina shida kwa sababu haijapita kiwandani.

Ni juisi ya miwa iliyochemshwa hadi ikagandamana, kwa hiyo bado ni sukari. Kipande cha gramu 30 kina sukari ya vijiko vidogo sita hadi saba, nayo hupandisha sukari ya damu kama ile nyeupe. Madini yaliyomo ni machache mno. Chuma atakipata kwenye managu, dengu na maini. Asiiongeze kwenye uji, wala asipunguze dawa kwa ajili yake. Miwa ya kutafuna pia ihesabiwe.

Mchana, kazini Nakuru, nakula smoki mbili (soseji za moshi) na soda ya nusu lita. Kipi kibaya zaidi?

Soda, kwa uzito wako. Angalia lebo: sukari kwa mililita 100, zidisha kwa 5, gawanya kwa 4, utapata vijiko vidogo. Soda ya kola huwa na gramu 10.6 kwa mililita 100, yaani gramu 53, vijiko 13. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa anayekula kalori 2,000, na ikishuka hadi 25 ni bora. Juisi za pakiti mara nyingi hazina nafuu. Tena kinywaji hakishibishi, kwa hiyo chakula unakula kile kile.

Smoki ina kasoro nyingine: chumvi nyingi, na tangu 2015 nyama za kusindikwa zimewekwa kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani, gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Moja kwa wiki si sawa na mbili kila siku. Kwenye toroli ile ile ya smoki kuna mayai boilo: mwambie muuzaji akupasulie mawili, ajaze kachumbari, na chumvi aache uitie mwenyewe.