Sensa za upepo ukibadilisha rimu za pikapu

Umebadilisha rimu za pikapu na sasa taa ya upepo wa tairi inawaka kwenye dashibodi; haitazimika yenyewe kwa kuwa umejaza upepo, ndugu. Kwenye pikapu nyingi sensa, yaani kifaa kidogo kinachopima upepo wa tairi, inakaa ndani ya rimu, imefungwa kwenye valvu, kwa hiyo ulipovua rimu za zamani ulizivua na sensa zake. Taa ikipepesa kama dakika moja kisha ikabaki inawaka, gari linasema halipati mawimbi ya sensa. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, hapo ndipo upepo wenyewe uko chini.

Mwambie fundi azihamishie sensa hizo kwenye rimu mpya, aweke na raba mpya za valvu, maana za zamani huvujisha. Ila kama zina miaka saba au nane, nunua mpya tu: betri yake imezibwa ndani, haibadilishwi. Na uliza masafa ya mawimbi yake kabla ya kulipa, 315 MHz au 433 MHz, zisipolingana na gari ni hasara tupu. Kila sensa ina namba yake; magari mengine huisoma yenyewe ukiendesha kidogo, mengine mpaka fundi aiingize kwa kifaa.

Kwa sasa pima upepo kwa geji.