Kompyuta Ikijaa, Pima Kwanza na Ufute Mwishoni

Usiku mmoja wa mwezi wa Juni, nikiwa nyumbani Nkuhungu, hapa Dodoma, na ripoti ya wakulima wa zabibu ikisubiriwa asubuhi, kompyuta yangu mpakato ilikataa kuhifadhi nilichokuwa nimeandika. Ujumbe ulisema kwamba diski imejaa, na nilipofungua nikakuta ule mstari wa buluu unaoonyesha nafasi umekuwa mwekundu, zikiwa zimebaki megabaiti 300 tu. Kwa haraka ile nilianza kufuta chochote ambacho jina lake halikuniambia kitu. Nilichagua folda tatu kwa pamoja, nikabonyeza Shift na Delete ili zisipitie kwenye pipa la taka, nikalikubali swali lililojitokeza bila kulisoma, na ripoti ikahifadhika.

Siku mbili baadaye nilitaka kusikiliza tena alichosema mzee mmoja wa Mpunguzi kuhusu bei ya zabibu, ndipo nikagundua kwamba folda mojawapo, niliyokuwa nimeipa jina la kivivu la "Mpya 2", ndiyo iliyokuwa na sauti za mahojiano 14. Nilikuwa nimeyanukuu sita tu.

Niliipeleka kompyuta kwa fundi mmoja karibu na soko la Majengo, naye akanieleza jambo ambalo ningependa kila mwenye kompyuta ya kisasa alijue. Katika diski za zamani zinazozunguka, faili likifutwa huondolewa kwenye orodha tu, na yaliyomo hubaki mahali pake mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, kwa hiyo programu za kurejesha mafaili huwa na nafasi nzuri ya kufaulu. Katika diski ya SSD, yaani ile ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake, Windows huiarifu diski kwamba sehemu zile hazina kazi tena, na diski huzisafisha yenyewe bila kuambiwa mara ya pili. "Ungekuwa na diski ya zamani, dada yangu, tungejaribu," aliniambia huku akinirudishia chaja. "Hii imeshajisafisha."

Ilinibidi nirudi Mpunguzi. Wakulima 11 walikubali kurudia mazungumzo na watatu hawakupatikana. Yule mzee alinikaribisha kivulini, akanisikiliza nikiomba radhi, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, si ulituambia mashine yako haisahau?"

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu ambao kufuta ni hatua ya mwisho kabisa, na hatua ya kwanza ni kujua nafasi imekwenda wapi. Ninaueleza hapa kwa anayetumia Windows, kwa kuwa ndiyo ninayoitumia na ndiyo iliyojaa katika ofisi nyingi za hapa Dodoma.

Kwanza niondoe lawama moja isiyo ya haki. Mtu hununua kompyuta iliyoandikwa gigabaiti 256, akifika nyumbani anakuta Windows inasema 238, na moja kwa moja humshuku muuzaji. Muuzaji hana kosa. Mtengenezaji wa diski huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, ilhali Windows huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,073,741,824, hivyo kiasi kilekile husomeka kidogo. Kwa hesabu hiyohiyo diski ya 500 husomeka kama 465. Ondoa hapo sehemu inayochukuliwa na Windows yenyewe pamoja na programu zake, na utaona kwamba mwenye kompyuta ya gigabaiti 128 alianza safari akiwa na mzigo mkubwa kabla hajaweka hata picha moja.

Ili kupima, fungua Settings, ingia System, kisha Storage, na Windows itakuonyesha ni kiasi gani kimechukuliwa na programu, picha, mafaili ya muda na kadhalika. Picha hiyo ni ya jumla mno kwa kazi ninayoizungumzia, kwa hiyo mimi huongeza programu ndogo iitwayo WizTree, ambayo ni ya bure kwa matumizi binafsi na ambayo hupanga folda zote kuanzia nzito kuliko zote hadi nyepesi. Huisoma orodha ya mafaili ya diski moja kwa moja, na kwa sababu hiyo humaliza kazi katika sekunde chache. Siku niliyoifungua kwa mara ya kwanza nilikaa mbele yake kwa muda mrefu, nikiona aibu kidogo.

Nyaraka zangu zote za Word za miaka sita, zile ambazo kila nilipobanwa nilikuwa nikizipunguza moja moja kwa uchungu, zilikuwa na gigabaiti 1.3 kwa jumla. Picha za simu zilikuwa na 66, kwa sababu nilikuwa nimezinakili mara tatu katika folda zilizoitwa "Picha simu", "Picha simu 2" na "Picha simu mpya kabisa", na kila moja ilibeba karibu yote yaliyokuwa katika iliyotangulia. Folda ya Telegram peke yake ilikuwa na gigabaiti 19 za video ambazo watu wa makundi ya harusi na misiba walizituma, nami nikazitazama mara moja au nisizitazame kabisa. Watu wengi hufanya kosa hilohilo nililolifanya: huanza kufuta ripoti na barua kwa kuwa ndizo wanazoziona kila siku, ilhali ripoti ya kurasa 80 isiyo na picha mara nyingi haifiki hata megabaiti moja. Unaweza kufuta kazi yako ya mwaka mzima na usipate nafasi ya video moja ya send-off.

Kitu kingine kizito kilikuwa sauti zenyewe. Kinasa sauti changu kilikuwa kimewekwa kurekodi kwa WAV, aina ya faili la sauti isiyobanwa, na WAV ya ubora wa CD huchukua takriban megabaiti 10 kwa kila dakika, maana yake saa moja ya mazungumzo ni zaidi ya megabaiti 600. Ukiibadilisha sauti hiyohiyo kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, saa moja inashuka hadi chini ya megabaiti 60, na kwa sauti ya mtu anayezungumza sikio langu halijawahi kutambua tofauti. Programu ya Audacity, ambayo nayo ni ya bure, hufanya kazi hiyo. Hata hivyo ubadilishaji huo hauna kurudi nyuma, kwa kuwa MP3 huacha baadhi ya taarifa za sauti, kwa hiyo mimi huihifadhi WAV katika diski ya nje na kubaki na MP3 katika kompyuta. Kama unafanya utafiti, unarekodi kwaya au unaandaa vipindi vya redio, anzia hapa.

Kuna mambo ambayo Windows yenyewe iko tayari kuyaondoa bila wewe kupata hasara. Katika sehemu ileile ya Storage, chini ya mafaili ya muda, utakuta mabaki ya masasisho, vijipicha vya kuonyeshea picha, na wakati mwingine toleo zima la Windows ya zamani. Folda hiyo ya Windows.old hutokea baada ya sasisho kubwa, inaweza kuwa na gigabaiti nyingi, na kwa kawaida Windows huiondoa yenyewe baada ya siku 10. Kazi yake ni kukuwezesha kurudi kwenye toleo la awali, kwa hiyo ukiiondoa mapema, ujue umeifunga njia hiyo. Soma kila kisanduku kabla ya kukiwekea alama, na uwe mwangalifu zaidi na kisanduku cha Downloads, kwa sababu hicho hakihusu takataka za mfumo. Yaliyomo humo ni mafaili uliyoyapakua mwenyewe, na kwa wengi wetu Downloads ndiyo kabati la nyaraka tusilotaka kukiri kwamba ni kabati.

Folda za Windows, System32 na WinSxS usiziguse kwa mkono hata zikionekana nzito kiasi gani. Programu usizozitaka ziondoe kupitia orodha ya programu katika Settings, kwa kuwa kufuta folda yake peke yake huacha mabaki kila mahali. Zile programu za kujitangaza kwamba zitaisafisha na kuiharakisha kompyuta kwa kubonyeza mara moja, mimi sizitumii.

Mafundi wengi hushauri pia kulifuta faili la hiberfil.sys kwa kuandika amri ya powercfg /h off katika dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Faili hilo ndilo linalotumika kompyuta inapolala usingizi mzito (hibernate), na kwa kawaida ukubwa wake ni takriban asilimia 40 ya RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, yaani zaidi ya gigabaiti 6 kwa mashine yenye RAM ya 16. Ushauri huo ni sahihi na nafasi hupatikana papo hapo. Mimi niliukataa. Umeme ukikatika nikiwa nimeondoka mezani na betri ikakaribia kuisha, usingizi huo ndio unaoandika kazi yangu yote iliyo wazi kwenye diski kabla mashine haijazimika, na gigabaiti 6 si bei kubwa kwa huduma hiyo. Mwenye umeme wa uhakika au mwenye diski ndogo sana anaweza kuamua vingine.

Baada ya hayo bado utabaki na vitu vizito unavyovihitaji, na hivyo dawa yake ni kuvihamisha. Wapo wanaopendelea hifadhi ya mtandaoni, na kwa nyaraka ni nzuri, lakini kupandisha gigabaiti 60 za video kwa bando la simu ni gharama ambayo mfuko wangu haukuwa tayari kuijadili. Anayetumia OneDrive aelewe pia kwamba akilifuta faili ndani ya folda iliyounganishwa, linafutwa na mtandaoni. Njia sahihi ni kubonyeza faili kwa kitufe cha kulia na kuchagua Free up space, ambapo nakala ya kwenye kompyuta huondoka na ya mtandaoni hubaki.

Mimi nilinunua diski mbili za nje za terabaiti moja moja. Ni za aina inayozunguka kwa sababu ni nafuu, na kwa kuwa zina sehemu zinazotembea ndani yake, sizibebi ninapokwenda vijijini. Gari likishaiacha lami, mtikisiko na vumbi vinatosha kwa abiria. Ukitumia flashi badala ya diski, unaweza kuambiwa kwamba faili ni kubwa mno hata kama flashi haina kitu. Hilo hutokea flashi ikiwa imeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili linalofika gigabaiti 4. Hamisha kwanza vilivyomo, kisha iandae upya kwa exFAT, na tatizo litaisha.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoisimamia kwa ukali, kwa kuwa ndiyo ambayo ingeniokoa. Sihamishi kwa kukata na kubandika, bali nanakili. Nakala ikikamilika, nabonyeza folda ya asili kwa kitufe cha kulia, nachagua Properties, naangalia idadi ya mafaili na ukubwa wake kwa baiti, kisha nafanya vivyo hivyo kwa nakala, na tarakimu zote lazima zilingane. Baada ya hapo nafungua mafaili matatu au manne kutoka kwenye diski ya nje, la mwanzo, la mwisho na moja la katikati, nikisikiliza au kutazama kwa sekunde kadhaa. Narudia yote kwa diski ya pili. Naziondoa kwa njia salama, sizichomoi tu. Hapo ndipo ninapofuta kilichomo kwenye kompyuta, tena kwa kupitia pipa la taka, ambalo silimwagi mpaka wiki moja ipite. Ni kweli kwamba kitu kilichomo kwenye pipa bado kinachukua nafasi, na ndiyo maana utaratibu huu unataka uanze kabla mstari haujawa mwekundu. Mimi huanza ninapoona zimebaki gigabaiti 40.

Folda nazo nimezibadilisha majina. Ile ya wakulima sasa inaitwa "Mpunguzi zabibu mahojiano", pamoja na mwaka na mwezi, ili hata nikiwa na usingizi wa saa nane za usiku nisiweze kuifananisha na takataka.

Mahojiano 11 ya mara ya pili, ambayo kwa WAV ni gigabaiti 7 hivi, yako ndani ya kompyuta hii kwa MP3 yakiwa na megabaiti 630. Za WAV ziko katika diski iliyomo kwenye sanduku la nguo chumbani kwangu, na katika nyingine iliyoko kwa dada yangu Ilazo, ambaye ameifungia kabatini pamoja na vikombe vya wageni na amekataza watoto kuigusa.