Muulize Fundi: Kigari cha kupandisha parachichi, cha umeme au cha petroli?

SWALI: Shikamoo fundi. Ni mkulima wa parachichi hapa Njombe. Mimi na kaka zangu wawili tumeunganisha mashamba, jumla ekari 38 za Hass, na sehemu kubwa iko bondeni. Kutoka mtoni hadi barabarani linapofika lori ni kilomita moja ya kupanda tu. Aliyetupimia shamba alisema tofauti ya juu na chini ni mita 80. Kwa sasa tunabeba kichwani na kwa guta la kukodi, ambalo mvua ikinyesha haliji. Tumechanga fedha tununue kigari cha shamba, vile vya matairi manne yenye meno na bodi nyuma. Tumepata viwili. Cha kwanza ni cha petroli, kimetumika, milioni 17. Cha pili ni cha umeme, kipya, milioni 15, kina betri sita za volti 12 zilizoandikwa 100Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri). Baba watoto anasema umeme ni wa mjini. Mtoto wa kaka anayesoma Dar anasema kununua cha petroli ni kutupa hela. Siku ya mavuno tunapiga tripu 14, kila tripu kreti 20 za kilo 20. Jirani mwenye kigari cha petroli anamaliza lita 5 kwa kazi kama hiyo, na mimi petroli nanunua shilingi 3,000. Nisaidie, fedha si yangu peke yangu. – Mama Shamba, Njombe

JIBU: Marahaba, binti yangu. Umenitajia mlima, mzigo na idadi ya tripu. Kwa hayo matatu naweza kukujibu kwa hesabu, siyo kwa ushabiki wa baba watoto wala wa kijana wa Dar.

Tuanze na mlima. Kigari kina kilo kama 700, kreti zako kilo 400, ongeza dereva. Kunyanyua uzito huo mita 80 kunahitaji robo uniti ya umeme, uniti hizihizi za LUKU. Hiyo ni robo ya kwenye karatasi. Kwenye tope, matairi yakiteleza na mota ikipata joto, hesabu nusu uniti kwa tripu, pamoja na kurudi chini kitupu. Tripu 14 ni uniti 7, na kwenye soketi utavuta 8 au 9 kwa sababu kuchaji nako kunapoteza kidogo. Kwa LUKU ya kawaida, uniti ikiwa kama shilingi 350 na kodi zake, siku nzima ya mavuno haifiki shilingi 3,200. Jirani yako anachoma 15,000. Mtoto wa kaka hajakosea hapo.

Sasa njoo kwenye betri ulizotajiwa. Volti 12 mara sita ni 72. Zidisha kwa 100Ah, unapata 7,200, gawanya kwa 1,000, ni uniti 7.2. Muuzaji atakwambia, si unaona, inatosha! Haitoshi. Betri sita za volti 12 kwa bei hiyo karibu hakika ni za risasi na asidi, na betri ya namna hiyo ukitaka idumu unatumia nusu yake tu, yaani uniti 3.6. Hizo ni tripu saba. Tena mlima unavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na betri ya asidi ikivutwa hivyo hutoa pungufu ya kilichoandikwa. Baridi ya Njombe ya Juni na Julai nayo itakula sehemu yake. Mimi ningetegemea tripu tano au sita, halafu kreti zinakaa bondeni na dereva wa lori anapiga honi juu.

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nililiona. Nilifanya kazi miaka 11 kwenye karakana ya shamba la chai huko Mufindi. Mwajiri alileta vigari vitatu vya umeme vya betri za asidi, vizuri, vya kimya, wachumaji wakavipenda. Hakuna aliyepangiwa kuongeza maji ya betri. Mwaka wa pili cha kwanza kikaanza kufia njiani. Nilipofungua vifuniko nikakuta pleti zimeachwa wazi, kavu, zimejikunja kama majani ya chai yaliyonyaushwa, na kwenye vichwa vya betri unga wa kijani umeota hadi nati haionekani. Kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, alikuwa akijazia maji ya bomba. Tulitupa betri zote. Vigari vyenyewe, mota na bodi, havikuwa na ubovu wowote, vikabaki nyuma ya karakana hadi naondoka. Waliovitumia walibaki wakisema umeme haufai shambani. Umeme haukuwa na kosa.

Kwa hiyo sikukatazi umeme, nakukataza betri hizo. Mwambie muuzaji akupe bei ya kigari hichohicho kikiwa na betri za lithiamu za aina ya LFP (zenye chuma na fosfati), uniti zisizopungua 10. Hizo unaweza kutumia asilimia 80 kila siku bila kuziumiza, hazitaki maji, na huvumilia kuchajiwa maelfu ya mara, wakati za asidi huanza kuchoka baada ya mamia tu. Asilimia 80 ya 10 ni 8. Tripu zako 14 zinapita na akiba inabaki.

Bei itapanda, najua. Hapo ndipo upime. Ukiokoa kama shilingi 12,000 kwa siku, na kigari kikafanya kazi ya namna hiyo siku 120 kwa mwaka, ni milioni 1.4 na ushee. Ukiambiwa lithiamu inaongeza milioni 5 juu ya bei, chukua umeme, fedha inarudi ndani ya miaka minne. Ukiambiwa milioni 15, acha, chukua petroli na usijute. Vigari vya umeme vya kampuni kubwa vinaangukia kwenye mtego huohuo. Polaris wa Marekani walipotangaza Ranger XP Kinetic Desemba 2021, ile ya betri ya uniti 14.9 ilianzia karibu dola 25,000, kabla hata haijapanda meli. Ni chombo cha nguvu kweli, farasi 110, lakini kwa siku 120 za kazi kwa mwaka mafuta unayookoa hayawezi kukulipa tofauti ya bei yake na ya cha petroli.

Jambo lingine linalopendelea umeme ni mlima wenyewe. Njombe iko juu, kama mita 1,900 na zaidi, na hewa ni nyepesi. Injini ya petroli isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake hapo. Mota ya umeme haivuti hewa, na nguvu zake zote zipo tangu tairi linapoanza kuzunguka. Kreti zinaondoka taratibu bila kurushwa, na Hass iliyogongwa unaijua inavyorudishwa.

Ila sikiliza hili la kuteremka. Kigari cha umeme kinashuka kwa kujizuia chenyewe na mota, huku kikirudisha umeme kidogo kwenye betri. Betri ikiwa imejaa kabisa, umeme huo hauna pa kwenda na kile kizuizi kinalegea. Ninyi mnachaji juu na kazi inaanza kwa kushuka! Asubuhi dereva ashuke taratibu, mguu kwenye breki. Au chaji iishie asilimia 90.

Mkiamua petroli, kikague kabla hamjatoa hata senti. Fungua boksi la chujio la hewa, pitisha kidole upande wa ndani, ule wa kwenda kwenye injini. Ukikuta vumbi, injini imekwisha kula mchanga, rudi nyumbani. Halafu fungua kava la mkanda. Vigari hivi vingi havina gia kama za pikipiki, vina mkanda unaobana na kuachia puli mbili, na ndio unaokufa kwanza mlimani. Dereva akipanda na kilo 400 kwenye H (ya mwendo wa kasi) badala ya L (ya nguvu na polepole), mkanda unateleza na utasikia harufu ya mpira unaoungua. Ukiukuta unang'aa kama kioo pembeni au una mahali palipolika, dai mkanda mpya na wa akiba. Tazama pia zile raba zinazofunika jointi za ekseli. Zikichanika, tope la Njombe litamaliza jointi kwa msimu mmoja.

Kigari chochote mtakachochagua, muuzaji akilete kwenye mlima wenu. Siyo uwanjani kwake. Pakia kreti 20 zilizojaa, panda na kushuka mara nane mfululizo, mvua ikiwa imenyesha jana yake. Kwa cha umeme, andika asilimia kila ukifika juu. Ikiwa zinashuka tano tano, uko salama. Zikishuka kumi kumi, mwambie asante na safari njema.

Na chaja usiichomeke kwenye soketi ya jikoni. Chaja ya kilowati 3 inavuta ampea 13 kwa saa kadhaa usiku, mkiwa mmelala. Fundi umeme avute waya wake wa milimita za mraba 4 moja kwa moja kutoka kwenye swichi kuu, na breka yake peke yake.

SWALI: Fundi, tuna kambi ndogo ya watalii karibu na Ruaha, hatuna umeme wa gridi. Kigari cha umeme cha kubebea kuni na mizigo ya wageni kinaweza kuishi kwa sola peke yake? – Meneja wa kambi

JIBU: Kinaweza, kaka, na ninyi mna bahati kuliko wakulima. Wageni huingia porini alfajiri na jioni, kazi za mizigo hufuata ratiba hiyohiyo, na kigari kinalala kuanzia saa nne hadi saa tisa, jua likiwa kali. Chaji hapo hapo, bila kulipia betri nyingine za kuhifadhi umeme. Paneli za jumla kilowati 2 zitakupa kama uniti 8 siku ya jua zuri. Cha kuangalia ni ukimya wake. Kipite porini taratibu, na kwenye kona zenye vichaka dereva apige honi fupi kabla hajakata. Nyati asiyekusikia ukija utamkuta hatua tano mbele yako.