Anzeni na mkate wa oti usiotaka hamira

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa fupi: mtu ambaye hajawahi kuoka mkate maishani mwake aanze na upi? Natarajia wengi watataja boflo, kwa kuwa ndiyo tuliyoizoea dukani, na wengine watataja mkate wa maziwa. Mimi nasema aanze na mkate wa oti, ile nafaka ya uji, unaoumuliwa kwa bekingi soda na maziwa ya mgando, ule ambao watu wa Ireland wameuoka majumbani kwa karibu miaka mia mbili. Nalitetea jibu hili kwa moyo wote, maana naona watu wetu wengi wanajinyima mkate wa nyumbani bila sababu.

Wanajinyima kwa ajili ya hamira. Hamira ina masharti yake: pakiti ikikaa sana inakufa, maji yakizidi joto inakufa, siku ya baridi inalala, na hata mambo yakienda sawa bado unga ukandwe, uachwe uumuke, ukandwe tena, uachwe tena. Mwanafunzi akitoa mkate mzito hajui kosa limetokea wapi, kwa sababu hatua zilikuwa nyingi. Anakata tamaa, anarudi dukani. Mkate wa soda hauna hatua za kujificha ndani yake. Kuuchanganya ni dakika chache, kuuoka hakuzidi saa moja hivi, na ukiharibika chanzo chake unakiona palepale.

Kwanza nieleze unavyofanya kazi, maana ukielewa hili hutahitaji kushika karatasi ya vipimo kila mara. Bekingi soda ikikutana na kitu kichachu hutoa hewa. Maziwa ya mgando yana asidi iliyotengenezwa na bakteria walioyagandisha, kwa hiyo yakiingia kwenye unga wenye soda, mapovu yanaanza papo hapo. Hewa hiyo ndiyo inayofanya kazi ya hamira. Tofauti ni kwamba hamira hutoa hewa polepole kwa saa kadhaa, ilhali soda humaliza sehemu kubwa ya nguvu zake mwanzoni. Ndiyo maana jiko liwe tayari lina moto kabla hujamimina maziwa. Unga uliokwisha kulowa ukikaa mezani unasubiri jiko lipate moto, hewa inatoka na mkate unabaki bapa.

Ninaishi Ireland, na hapa nimejifunza kwamba mkate huu ulizaliwa na hali ya nchi. Mvua ni nyingi, jua ni haba, na ngano inayoota vizuri katika hewa hiyo ni laini, yenye protini kidogo. Ngano ya namna hiyo haina mvutano wa kutosha kuishika hewa ya hamira kwa saa nyingi. Lakini nyumba nyingi za shambani zilikuwa na ng'ombe, siagi ilisukwa nyumbani, na baada ya siagi kutolewa yalibaki maziwa machachu. Bekingi soda ilipoanza kuuzwa kwa bei ya watu wa kawaida katika miaka ya 1830, ikakuta unga laini na maziwa machachu vinaisubiri. Mwaka 1836 jarida moja la wakulima lililochapwa London lilinakili maelekezo ya mkate huu kutoka gazeti la Newry, mji ulio kaskazini mwa kisiwa. Oti zenyewe ni za zamani zaidi hapa kuliko soda. Kwa karne nyingi mtu wa kawaida alikula oti, kama uji na kama mikate bapa, na mkate mweupe wa ngano ulikuwa chakula cha wenye nacho. Kule Kilmacthomas, kaunti ya Waterford, kuna kinu cha familia moja ambacho kimekuwa kikisaga oti tangu karne ya 18.

Jambo lililonigusa zaidi ni jiko lao. Nyumba nyingi za mashambani hazikuwa na oveni. Mkate uliokwa ndani ya chungu kizito cha chuma chenye kifuniko bapa, kikining'inizwa juu ya moto wa udongo wa kinamasi uliokaushwa, kisha makaa yakapangwa juu ya kifuniko. Mtu yeyote aliyekulia Pwani anaifahamu kazi hiyo: ni kupalia. Bibi zetu wamepalia wali na mikate ya sinia kwa moto wa juu na chini tangu zamani. Kwa hiyo anayesema hawezi kuoka mkate huu kwa kukosa oveni, namwambia kwa upendo kwamba wenyewe waliouanzisha nao hawakuwa nayo.

Sasa vipimo. Chukua oti zile bapa za uji, kikombe kimoja na nusu. Kikombe ninachokisema ni cha mililita 250. Ziloweke katika kikombe kimoja na nusu cha mtindi au maziwa lala yasiyotiwa sukari, kwa nusu saa au zaidi. Usiruke hatua hii. Oti kavu zikiingia moja kwa moja kwenye unga zitafyonza maji wakati wa kuoka na mkate utatoka mkavu wa kumegekamegeka. Zikilowa kwanza, zinashika unyevu na kuurudishia mkate. Oti zile ngumu zilizokatwakatwa bila kupondwa zinataka kulala usiku kucha katika maziwa.

Katika bakuli pana weka unga wa ngano vikombe viwili na nusu, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, na kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda kilichosawazishwa kwa kisu. Chekecha soda, kwa sababu kidonge kisichovunjika kitaonekana kama doa la njano ndani ya mkate na anayekitafuna atahisi sabuni mdomoni. Unga wa atta unafaa sana, na nusu atta nusu mweupe inafaa zaidi. Sukari usitie. Najua mikono yetu inakwenda yenyewe kwenye kopo la sukari tukisikia neno mkate, lakini utamu wa mkate huu ni wa nafaka, na sukari inaufunika. Zabibu na mayai ni mambo ya sikukuu. Mkate wa kila siku wa Ireland haukuwa navyo.

Tengeneza shimo katikati ya unga, mimina oti na maziwa yake yote kwa mara moja, na hapa nakuomba uache mazoea ya chapati. Sisi tumefundishwa kwamba unga haujawa unga mpaka ukandwe. Msichana husifiwa kwa mkono wake, chapati husifiwa kwa kukandwa kwake. Mkate wa soda unataka kinyume chake kabisa. Jirani yangu, mama mtu mzima aliyelelewa shambani magharibi mwa nchi, alinionyesha jinsi ya kushika. Vidole vitano vinatanuliwa na kukazwa, visikunjike. Mkono unaingia katikati ya bakuli na kuzunguka kwa duara linalopanuka hadi ukingoni, huku mkono wa pili ukiizungusha bakuli upande wa pili. Mizunguko michache tu, na unga wote umeshikana. Unaonekana mbichi, una mabonde, unanata vidoleni. Kila chembe ya nafsi yako itataka kuukanda uwe laini. Usiukande. Ukikanda, ule mvutano wa ngano unakaza na hewa unaifukuza, na kitakachotoka jikoni ni kitu cha kuvunja meno. Kama kuna unga mkavu umebaki chini ya bakuli, ongeza kijiko kikubwa kimoja cha maziwa, basi.

Nyunyizia unga mezani, umimine donge, uligeuze mara moja lishike umbo la duara lenye unene wa vidole vitatu hivi. Kisha chukua kisu na ukate msalaba wa kina, kutoka ukingo hadi ukingo. Hapa watu watakwambia msalaba ni baraka, wengine watasema ni wa kuwatoa vibwengo ndani ya mkate. Siwapingi wazee. Ila kisu kina kazi nyingine pia: katikati ya mkate mnene ndipo moto unapochelewa kufika, na mkato unaufungulia njia. Mkate ukiiva unamegeka robo nne kwa mkono, bila kisu.

Mwenye oveni aoke kwa nyuzi 200 za Selsiasi, dakika 40 hadi 45. Mwenye jiko la mkaa achukue sufuria kubwa nzito, atandaze mchanga mkavu chini, aifunike na kuipasha moto robo saa. Aweke mkate kwenye sufuria ndogo au bati lililopakwa mafuta, alikalishe juu ya mchanga, afunike kwa sinia na kupalia makaa. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo kitako kitaungua kabla ya uso kupata rangi. Hesabu dakika 50 hadi saa moja. Kuiva kwake hukujui kwa macho peke yake, kwa kuwa soda hufanya ganda liwe la kahawia mapema. Utoe mkate, uugeuze kwa kitambaa, ugonge kitako chake kwa kifundo cha kidole. Sauti ikiwa ya kitu kitupu ndani, umeiva. Ikiwa nzito na butu, urudishe kwa dakika kumi.

Na asiyetaka hata kupalia, afanye wanavyofanya watu wa kaskazini mwa kisiwa: donge lilelile analibapa unene wa kidole kimoja na nusu, analikata robo nne, na kuzichoma juu ya chuma kikavu chenye moto mdogo, dakika saba hadi kumi kila upande. Chuma cha chapati kinafaa kabisa.

Kuna onyo moja ambalo siwezi kuliacha. Bekingi soda siyo magadi. Magadi tunayotia kwenye maharage au mboga, yale yanayotoka Bonde la Ufa, kama katika Ziwa Magadi na Ziwa Natron, yamechanganyika na chumvi nyingine iliyo kali zaidi ya soda ya kuokea, na nguvu zake hubadilika kutoka bonge moja hadi jingine. Ukiyatia kwenye mkate utapata rangi ya njano na ladha ya sabuni. Wala usiitie soda kwenye maziwa mabichi matupu ukitegemea miujiza. Bila uchachu, soda hutoa sehemu tu ya hewa yake kwa joto la jiko, na kinachobaki ndicho chenye ladha ile mbaya. Ukikosa mtindi, tia kijiko kikubwa kimoja cha ndimu au siki kwenye kila kikombe cha maziwa, uyaache dakika kumi yakatike.

Kwa anayetaka wepesi wa mwisho kabisa, Ireland ya leo ina mkate mwingine usio na unga wa ngano hata kidogo. Unanunua kopo la yogati isiyo na sukari la gramu 500, unalimimina kwenye bakuli, kisha kopo lilelile linakuwa kipimo: makopo mawili ya oti, yai moja, vijiko viwili vya chai vya bekingi soda, nusu kijiko cha chumvi na kijiko kikubwa cha maziwa. Koroga kwa mwiko, shindilia kwenye bati la mkate lililopakwa mafuta, nyuzi 180 kwa dakika 50, kisha uutoe batini na kuurudisha kichwa chini kwa dakika kumi. Ni mzito, una unyevu, na kipande kimoja kinashibisha. Mwenye ugonjwa wa kutovumilia ngano asiukimbilie kabla ya kusoma pakiti, kwa kuwa oti nyingi husagwa kwenye vinu vinavyosaga ngano pia.

Pamoja na wepesi wake, kwa mwanafunzi napendekeza ule wa kwanza, kwa sababu unafundisha mkono. Aliyejua kuuacha unga bila kuukanda amejua pia siri ya skonzi na ya keki nyingi zinazotaka kukorogwa kidogo.

Ukitoka motoni uzungushie kitambaa safi cha pamba; mvuke unalainisha ganda na kisu kinapita vizuri. Usubiri upoe kidogo, kwani ukikatwa wa moto sana ndani unakuwa kama ubwabwa. Siku hiyohiyo unaliwa kwa siagi yenye chumvi, na kama umepika supu ya kunde au ya samaki, hakuna mwenzake mwema zaidi. Siku ya pili ukate vipande vyembamba uvikaushe juu ya kikaango kisicho na mafuta, pande zote mbili, uvipake asali. Siku ya tatu uvunjevunje, ukaange makombo kwa siagi kidogo, uyanyunyize juu ya mtindi wa asubuhi. Sijaona nyumba ambamo umefika siku ya nne.

Msomaji wenu,
Kaunti ya Cork, Ireland